Mkaguzi na Daraja Bovu

Tulimwita Mkaguzi. Waswahili wote wa maghorofa ya Thorncliffe Park, awe mtu wa Tabora, wa Nakuru au wa Bukavu, walimwita hivyo, ingawa kwenye karatasi za Toronto alikuwa mfunga minyororo wa yadi ya mizigo, basi. Cheti chake cha ukaguzi wa njia ya reli, alichokivujia jasho miaka mingi kwenye reli ya kati ya Tanzania, alikitia kwenye plastiki akakiegemeza ndani ya kabati la vikombe. Aliwahi kukipeleka ofisi tatu. Ya kwanza ilisema haimjui aliyekitia saini. Ya pili ilimwambia arudi shule. Ya tatu, alitusimulia, ilikitazama tu kama mtu anayetazama picha ya harusi ya watu asiowajua.

Wapo waliosema, na walisema mpaka siku ya msiba wake, kwamba mzee yule alikuwa na kichaa cha mizinga. Waache waseme. Walisikiliza nusu ya maneno yake, tena nusu ile ya mlipuko, ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuisimulia.

Mizinga aliyoizungumzia ni ile mikubwa ya vita vya zamani, ya kubomolea ngome. Mzinga wa namna hiyo, alisema, hauburuzwi na farasi wala lori. Unakwenda kwa reli, na hauendi mzima. Mtutu una behewa lake, kitako kina behewa lake, kreni ya kuuinua ina behewa lake, na mbele ya yote linatangulia genge la watu wenye sururu na mataruma, yale magogo ya kulazia reli, kwa sababu reli haifiki pale wakubwa wanapotaka kupigia, lazima itandikwe. Tena mingine haiwezi kugeuza shingo. Ukitaka upige kushoto kidogo, unautandikia reli ya kupinda, unausukuma taratibu mpaka mdomo uelekee unakotaka. Jenerali ananyoosha kidole, watu mia wanahamisha kokoto. Hapo ndipo hadithi yake ilipoishia siku zote. Ukimuuliza mzinga ulipiga wapi, anakwambia hajui, yeye hakuwa upande huo wa habari.

Hayo aliyasimulia kwenye harusi, kwenye arobaini, kwenye ukumbi wa kanisa watu wakisubiri pilau. Vijana walimkimbia. Mimi nilikaa, mwanzoni kwa heshima tu, maana nilikuwa mwanafunzi mgeni kutoka Nakuru, nikiishi chumba kimoja karibu na chuo kule mtaa wa Jane na Finch, na yeye ndiye mtu mzima wa kwanza katika jiji lile aliyeniuliza nimekula nini. Baadaye nilikaa kwa sababu niligundua kwamba hakuwa akizungumzia mizinga.

Alikuwa na maneno mawili ya kazi, na maisha yake yote aliyapitisha humo. La kwanza ni hili: treni haina nguvu ya kichwa chake, ina nguvu ya daraja lake bovu kuliko yote. Kwa hiyo, tafuta daraja bovu kwanza. Kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa akingoja kusikilizwa kesi yake ya ukimbizi. Kila mtu alimshauri aongeze nguvu kwenye habari yake, aseme hivi, alie hapa. Mkaguzi alimuuliza swali moja tu, ni karatasi gani anayoiogopa. Yule mama akasema ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa pili, tarehe imekosewa. Wakaanza na hicho kabla ya kitu kingine chochote, wakatafuta padri aliyembatiza mtoto, wakapata barua. Siku ya kesi, swali la kwanza lilikuwa la cheti.

La pili ni behewa tupu. Ukivusha mzinga kwenye daraja, alisema, usiufunge nyuma ya kichwa cha treni moja kwa moja, maana vitu viwili vizito vitakanyaga daraja kwa pamoja. Weka mabehewa matupu katikati, kimoja kitoke ndipo kingine kiingie. Mama yangu alipofariki Nakuru, ndugu walimpigia yeye badala ya kunipigia mimi. Alikuja chumbani kwangu mchana, akaniambia nisonge ugali, akala, akaosha vyombo kwa mikono yake. Ndipo akaniambia. Nililia nikamaliza. Kesho yake asubuhi alirudi, akaniambia kwamba mazishi yamekwishafanyika, kwa kuwa wote walijua kibali changu hakiniruhusu kutoka Kanada na kurudi. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia amenificha. Akasema hakunificha, ameweka behewa tupu. Siku hizi mimi ndiye ninayepeleka habari kama hizo kwenye nyumba za watu, na sijapata njia iliyo bora kuliko ile.

Wala msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mtu wa reli asiyefika kwa wakati hata siku moja, kwa sababu kila safari aliikagua kwanza. Nilipohamia mtaa wa Malvern, alikwenda huko siku moja kabla, kwa basi, na futi ya kupimia mfukoni, akapima milango na kona za ukumbi, akanipigia simu kwamba kochi langu halitapinda pale ghorofa ya nne nikalifungue miguu. Kweli halikupinda. Lakini siku yenyewe ya kuhama alifika tumemaliza, tunakunywa soda, na akanuna kwamba hatukumngoja. Lifti hakuipanda mpaka magoti yalipomshinda. Alisema hajaikagua, na aliyeikagua hajulikani. Alikuwa mkavu wa sifa; ukifanya vizuri anagonga meza mara moja kwa kijiko, ukikosea anagonga mara mbili. Kugonga ndiko kulikokuwa kusikia kwake. Reli hugongwa kwa nyundo ili ijulikane iliyolegea, na yeye aligonga kuta, matikiti, hata mguu wa meza ya mchungaji.

Na mizinga aliichukia. Mjukuu wake alipoletewa bunduki ya plastiki siku ya kuzaliwa, Mkaguzi aliitia kwenye bomba la takataka mbele ya wageni. Mtoto akalia, "It's just a toy, Babu." Babu akamjibu kwamba na yeye ni mtoto tu, ndiyo maana ameitupa mapema. Binti yake hakuongea naye wiki nzima. Wiki hiyo aliitumia kumtengenezea mjukuu behewa la kubebea mzinga, la maboksi, lenye magurudumu kumi na sita ya vifuniko vya chupa, kila ekseli inazunguka. Mzinga hakuuweka.

Chuki hiyo ilimponza tangu ujana. Katika chuo cha reli, mwalimu wao alikuwa na swali moja la mtihani lililorudi kila mwaka: uko hapa, mzinga wa uzito huu, ngome iko pale, kuna mto na madaraja matatu, upeleke. Wenzake waliandika vichwa vya treni na makaa. Yeye aliandika, "Usipelekwe. Watu wa mji ule wamefanya nini?" Akapewa sifuri, akarudia mwaka. Mwaka wa pili alijibu vizuri kuliko wote, daraja bovu, mabehewa matupu, mwendo wa mtu anayetembea, na mwishoni, chini kabisa, akaliandika tena lile swali lake. Safari hiyo walimpitisha, kwa shingo upande.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo kwalo watu walimcheka na mimi nikawa sehemu ya kicheko.

Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ya ukarani katika ile kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo isiyo ya kawaida, mikubwa mno au mizito mno. Kampuni hiyo haipo tena. Yeye alifunga minyororo yadini, mimi nilipanga mafaili ofisini, na ombi langu la ukaazi wa kudumu lilikuwa limeegemea kazi ile. Katika majira yangu ya tatu ya baridi kazini ukaja mzigo wa ajabu. Chama cha wanajeshi wastaafu katika mji mdogo, magharibi ya jiji, kilipewa mtutu wa mzinga wa zamani wa kubomolea ngome wausimike mbele ya ukumbi wao. Barabara ya huko haikuruhusu uzito ule. Ungekwenda kwa reli, kisha uingie kwenye tawi kuukuu la reli lililopitiwa na treni mojamoja.

Nilidhani atafurahi. Miaka yote ameusimulia, na leo umeletwa mpaka mlangoni pake. Aliuzunguka mara mbili, akaugonga, akapiga magoti kwenye theluji akapima springi za behewa kwa rula. Kisha akaja ofisini kwangu viatu vikichuruzika, akaniambia karatasi yangu inadanganya. Uzito ulioandikwa ni wa mtutu peke yake, ulinakiliwa kutoka kitabu cha zamani, lakini nyuma ya mtutu kilikuwa bado kimefungwa kile kitasa kikubwa cha chuma cha kuuzibia. Hakuna aliyekihesabu. Springi, alisema, zimekaa chini kuliko karatasi inavyosema.

Jumapili yake ya mapumziko alipanda basi, akatembea tawi zima kwa miguu bila kuomba ruhusa ya mtu. Alikuta kijidaraja cha mawe juu ya kijito, na kwenye ukuta unaobeba upande mmoja kulikuwa na ufa. Kwenye ncha ya ule ufa alipiga mstari wa rangi nyekundu, akaandika tarehe. Ndivyo wakaguzi wanavyofanya. Hawabishani na ufa, wanauwekea alama, kisha siku nyingine wanarudi kuona umefika wapi.

Jumatatu alikuwa na barua, kurasa mbili, Kiingereza cha chuo cha reli, herufi kubwa tupu. Aliomba mambo matatu: kitasa kifunguliwe kiende na behewa lake, mabehewa mawili matupu yawekwe kati ya mzinga na kichwa cha treni, na kabla ya yote, daraja litazamwe na mtu mwenye cheti kinachotambuliwa, kwa kuwa chake hakitambuliwi. Mwishoni alitia saini, jina lake kamili na cheo chake, Mkaguzi wa Njia. Msimamizi wetu aliisoma mpaka kwenye cheo, akacheka.

"You tie the chains, buddy," alisema, akamrudishia.

Sherehe ya kuusimika mzinga ilikuwa imekwishatangazwa, bendi imeitwa, hakukuwa na nafasi ya kuanza kufungua vitasa. Mkaguzi akaniletea mimi ile barua. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Iweke kwenye faili, mwanangu. Siwaombi wanisikilize. Nataka iwemo."

Nilisema sawa, Mzee. Nikaitia kwenye droo yangu. Nilijiambia nitaiweka kesho, msimamizi akitulia. Mwongo mkubwa mimi. Niliogopa. Nilikuwa nimekosa mazishi ya mama yangu kwa ajili ya makaratasi, na nilijua kwamba karani anayetia kwenye faili barua iliyokataliwa hamalizi mwezi. Sijitetei. Nasema tu ilivyokuwa, daraja bovu la siku ile lilikuwa mimi.

Siku ya safari alifunga minyororo yeye mwenyewe, na hakuna aliyefunga kama yeye. Kisha ikaja kadi. Kila behewa lililopakiwa lina kadi inayoning'inia kwenye mnyororo, na aliyefunga ndiye anayetia saini kwamba mzigo unafaa kusafiri. Mkaguzi alirudisha kalamu. Alisema minyororo inafaa, safari haifai. Alipewa dakika tano afikiri, akasema amekwishafikiri tangu Jumapili. Wakamfukuza palepale, kofia ya kazi ikabaki juu ya taruma. Mtu mwingine akasaini.

Na daraja likabeba. Ndiyo, lilibeba. Treni ilipita, bendi ikapiga, picha ya mzinga ikatoka kwenye gazeti la kule, na msimamizi akaibandika chumba cha chai. Habari ilifika Thorncliffe kabla yangu. Mtu akiogopa kitu kisicho na maana, watu wetu walisema ana daraja la Mkaguzi. Yeye alipata kazi ya kukusanya matoroli kwenye maegesho ya duka la vyakula. Niliwahi kumwona kwa mbali akiyasukuma, yamepangwa kama treni, hayazidi kumi na mawili, na kwenye mteremko anayagawa mafungu mawili. Meneja wa duka alimtaka asukume ishirini kwa mpigo kama wenzake. Alikataa huko pia. Waliomuuliza kama bado anasema daraja lile ni bovu, aliwajibu kwamba daraja halitangazi siku linapochoka. Mimi sikumuuliza. Nilipunguza kumtembelea, nikasingizia kazi.

Ukaazi nikaupata, kisha uraia. Kampuni ikanunuliwa na kubwa zaidi, mafaili yakahama na mimi nikahama nayo, nikasoma jioni, nikapanda cheo mpaka nikawa mpangaji wa mizigo mizito. Barua ile ilitoka kwenye droo ikaingia bahasha moja na karatasi zangu za uhamiaji, na bahasha hiyo ikahama na mimi nyumba mbili. Miaka kumi ikapita hivyo. Ndipo siku moja ikaja mezani kwangu transfoma ya umeme, nzito kuliko ule mtutu, inapelekwa upande uleule, kwa tawi lilelile. Karatasi zote zilikuwa tayari. Zilikuwa zinangoja saini yangu tu.

Jumamosi ile nilikwenda kwake. Nilipanda kwa ngazi, nadhani kwa aibu. Mjukuu alinifungulia, amekuwa mrefu, ana ndevu. "He keeps asking about you, Auntie," akaniambia, akaenda kutia chai. Mkaguzi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, kijiko mkononi. Alikuwa amekonda mno. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nimekula nini.

Nilitoa barua nikaiweka kwenye blanketi. Nilimwambia kwamba haikuwahi kuingia kwenye faili, na nikaanza kueleza kwa nini, kibali, mama, msimamizi. Alinyanyua kijiko nikanyamaza.

"Nilijua," alisema. "Ungeiweka, wangenifukuza kwa maandishi. Walinifukuza kwa mdomo. Nikajua faili ni tupu."

"Mbona hukuniambia, Mzee?"

"Nilikasirika miaka miwili. Halafu nikaona hasira yenyewe nzito, na magoti haya." Aliigeuzageuza barua, akaitazama saini yake kwa muda mrefu. "Daraja bado lipo?"

Nikamwambia lipo, na nikamweleza habari ya transfoma.

"Basi barua haijachelewa," alisema. "Nenda kaitazame alama yangu."

Jumapili nilifika kwenye kijito kwa gari la kukodi na viatu visivyofaa. Nilitembea juu ya mataruma kama alivyotembea yeye, nikashuka kando ya ukuta nikishika majani. Alama ilikuwepo, nyekundu iliyofifia, na tarehe ya mkono wake. Ufa haukuwa tena hapo. Ulikuwa umeipita alama, umekwenda juu, na mahali pengine vidole vyangu viliingia. Nililia pale, si kwa huzuni. Kwa hasira, kwa yule mzee na kofia yake iliyoachwa juu ya taruma. Kisha nikampigia simu.

Nilimwambia umepita kwa shibiri nzima. Nilitegemea atasema kitu kikubwa. Kwanza nilisikia kijiko, mara moja. Halafu akauliza, "Shibiri ya mkono wako au wangu?"

"Wangu."

"Rudi ukapime kwa rula."

Nikarudi nikapima kwa rula. Nikapiga mstari wangu kwenye ncha mpya, nikaandika tarehe.

Jumatatu niliiweka barua kwenye faili, kurasa zote mbili, na picha za ukuta. Kwenye fomu ya njia kuna mahali pa kuandika nani aliyekagua kwanza, na lini. Niliandika jina lake lote na tarehe ya Jumapili ile ya zamani, na pa cheo nikaandika Mkaguzi wa Njia kwa herufi kubwa tupu. Chini yake nikaandika langu. Pale pa kuruhusu safari nikapaacha wazi. Meneja aliisoma mpaka kwenye kile cheo, akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia avute kiti akae, habari yake ni ndefu, na transfoma haiendi popote.